Mwanangu Aligeuka Shaba Chini ya Taa

Wiki jana niliwaacha nimesimama mlangoni mwa wodi ya wazazi, uso wangu wote rangi ya fedha, mlinzi ameniwekea rungu kifuani.

Kwa ambaye hakuwepo, mimi ni fundi wa kupuliza rangi magari. Gereji wananiita Koti Mbili, kwa sababu sijawahi kupuliza koti moja la rangi nikaridhika. Mke wangu alishikwa na uchungu nikiwa ndani ya chumba cha rangi, barakoa usoni, simu imo mfukoni mwa suruali niliyoitundika nje. Nilipofika hospitali alikuwa ameshapasuliwa, mtoto wa kiume ameshatoka, na mimi nang'aa kama sufuria mpya.

Mlinzi aliniruhusu baada ya kuninawisha uso kwa mafuta ya taa. Nikadhani mkosi umeishia hapo. Kumbe ulikuwa umeketi tu kupumzika.

Mtoto alikuwa mzima, mzito, na ana sauti ya mnadi. Siku ya pili akaanza kuwa wa njano. Uso njano, kifua njano, hata weupe wa macho ukawa njano.

Mama mkwe alipomwona alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Huyu ni marehemu mume wangu mtupu," alisema. "Maji ya kunde. Nilijua damu yetu haiwezi kupotea."

"Mama, hayo ni manjano ya watoto wachanga," sista wa wodi alimwambia. "Ini lake bado changa. Tunamweka kwenye taa."

Mama mkwe alinivuta pembeni. "Umeona wivu ule?"

Hapa lazima niwaeleze ujinga wangu, la sivyo hamtaelewa vita iliyofuata. Kabla mtoto hajazaliwa, mama yangu na mama mkwe waligombania jina. Kila mmoja ana mume marehemu, na kila mmoja anataka mume wake arudi kwa jina. Mimi, kwa kupenda amani, nikasema mtoto ataitwa jina la babu atakayefanana naye. Wote wawili wakanisifu kwa busara. Ningejing'ata ulimi siku ile, leo nisingekuwa na hadithi.

Baba mkwe alikuwa mweupe wa maji ya kunde. Baba yangu mimi alikuwa mweusi tii.

Basi mtoto akalazwa chini ya taa ya bluu, amefungwa kitambaa machoni, mwilini nepi tu. Sista alinieleza kwamba ule mwanga unaivunja njano iliyo kwenye ngozi ili itoke kwa mkojo na choo. Mimi niliipenda ile taa. Gereji nasi tunakausha rangi kwa taa. Nikamwambia mke wangu, aliyelazwa wodi ya chini na homa ya mshono, kwamba mtoto yuko kwenye mikono ya mafundi.

"Amepungua njano?" aliniuliza.

"Anapungua."

"Mbona hunitazami ukisema?"

Sikumtazama kwa sababu nilikuwa nimetoka kumwona mtoto. Njano ilikuwa imepungua kweli. Lakini mahali pake pameingia rangi nyingine. Ilikuwa kahawia yenye kijivu ndani yake, yenye mng'ao kidogo, kama kitasa cha shaba ambacho hakijasuguliwa miaka. Nimechanganya rangi nusu ya maisha yangu na sijawahi kuona mteja akiiomba ile.

Mtu wa kwanza kulipuka alikuwa mama mkwe. Wodi ile inaruhusu mgeni mmoja kwa wakati mmoja, na mgeni huyo huvaa aproni ya kijani iliyotundikwa mlangoni. Zamu ilikuwa yake. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi kupitia kioo, akatoka na aproni yake.

"Umemshika huyu mtoto ukiwa na rangi mikononi."

"Mama, ile ilikuwa fedha. Hii si fedha."

"Kwa hiyo unayo na ya shaba?"

Akarudi ndani, akalowesha pamba kwenye maji, akamsugua mtoto shavuni taratibu, kisha akaitazama pamba. Ilikuwa safi. Akaigeuza upande wa pili akaitazama tena. Mtoto alilia kwa hasira ya mtu anayesuguliwa bila kuelezwa sababu.

"Haitoki," alisema.

"Haitoki kwa sababu ni ngozi yake, mama."

Zamu ya pili ilikuwa ya mama yangu mzazi. Yeye alivaa aproni, akainama juu ya kitanda, akajifuta macho kwa aproni. Nikajua analia. Alipotoka macho yalikuwa yamelowa, lakini uso unacheka.

"Marehemu amerudi," aliniambia. "Taa imemkausha ile njano ya bandia, sasa anaonekana mwenyewe. Na bado ataiva."

"Mama, mtoto si mkate."

"Nyamaza. Namjua baba yako kuliko wewe."

Tangu hapo hospitali ile haikupata usingizi wa mchana. Mama mkwe akiwa kwenye aproni, taa inazimwa. Mama yangu akiingia, taa inawashwa. Mmoja anataka mjukuu arudi alivyokuwa, mwingine anataka aendelee kuelekea anakokwenda. Sista alipogundua, alibandika plasta ya vidonda juu ya swichi akaandika kwa kalamu: USIGUSE, HATA KAMA WEWE NI BIBI.

Plasta ilikutwa imebanduliwa. Kila mmoja alimtaja mwenzake, na nina hakika wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Mwishowe wakanibana kwenye korido, huku mmoja na huku mwingine.

"Wewe si fundi rangi?" mama mkwe aliniuliza. "Basi sema. Hii ni rangi ya upande gani?"

"Sema, mwanangu," mama akasema. "Usiogope mtu."

Niliogopa watu wawili. Nikakohoa, nikatafuta sauti ya kazini.

"Rangi haihukumiwi kabla haijakauka," nilisema.

Walitikisa vichwa kwa pamoja, wameridhika. Sista, aliyekuwa anapita na beseni, alisimama akanitazama kwa muda, akaenda moja kwa moja kumwita daktari.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Alitutoa wote kwenye korido akatuingiza kwenye chumba cha kuchemshia vyombo, maana ndicho pekee kilichokuwa wazi, tukasimama katikati ya masufuria.

"Sikilizeni," alisema. "Taa haijamuunguza. Taa inaivunja njano, halafu ini linapaswa kuitoa kupitia njia ya nyongo. Kwa huyu haitoki vizuri. Mabaki yanakaa mwilini, na ngozi inageuka hivi. Hutokea kwa watoto wachache. Rangi yenyewe haimuumi, na tukimtoa kwenye taa itafifia."

"Basi mtoe leo," mama mkwe akasema.

"Asimtoe," mama yangu akasema.

"Rangi ya ngozi sina shida nayo," daktari akaendelea, kana kwamba masufuria ndiyo yaliyosema. "Nataka kujua kwa nini haitoki. Choo chake kina rangi gani?"

Nilimtazama mama, mama akamtazama mkwe mwenzake, mkwe mwenzake akatazama viatu vyake.

Siku zote zile tulikuwa tumemkodolea macho mtoto yule usoni, kifuani, masikioni, hadi katikati ya vidole. Hakuna aliyekuwa na habari na nepi.

"Sista, wewe huandiki?" daktari akauliza.

"Mimi sijabadilisha nepi tangu hawa wafike. Wanasema mikono yangu ya baridi."

"Mimi nabadilisha asubuhi," mama mkwe alisema. "Natupa."

"Kilikuwaje?"

"Kilikuwa choo, daktari. Mtu mzima hakai anakitazama."

Mama yangu alikiri kwamba zamu zake zilikuwa za mchana na mtoto alikuwa anakojoa tu. Alisema hivyo kwa uchungu, kama mtu aliyenyimwa haki.

Daktari alitueleza kwa kifupi. Choo kikiwa cha njano au kijani, maana yake nyongo inapita, tutabaki hapa na kumwangalia. Kikiwa cheupe kama chokaa, huenda njia imeziba, na mtoto lazima aende hospitali kubwa wakampige picha ya tumbo. Ikithibitika, watampasua ini likingali zima.

"Gari la wagonjwa linaondoka adhuhuri leo," alisema. "Lingine ni wiki ijayo."

"Wiki moja si nyingi," mama mkwe akasema.

"Kwa ini lililoziba ni nyingi, mama. Kusubiri ndiko kunakoliharibu." Akanigeukia mimi. "Damu yake nimeituma, lakini majibu hayatawahi gari. Nepi itawahi. Akijisaidia mnitolee nepi nje kwenye jua. Msikisome chini ya taa ile, pale kila kitu ni bluu."

Ndipo ukoo mzima ukakaa kungojea choo.

Sista alichoka na habari ya aproni moja, akaturuhusu sote watatu. Tukakizunguka kitanda kama wafanyabiashara wanaongojea mlango wa benki ufunguliwe. Mtoto alilala, kitambaa machoni, mikono juu, hana habari kwamba ndiye mwenye neno la mwisho.

Mama alimsugua tumbo kwa mduara. Hakuna kitu.

"Babu yake naye alikuwa hivi hivi," alisema. "Anaweza kukaa siku tatu, hata hajali."

"Mume wangu alikuwa anakwenda kila alfajiri bila kusukumwa na mtu," mama mkwe akajibu.

"Basi unaona huyu si wenu."

"Alfajiri imeshapita. Huenda alikwenda."

"Alikwenda wapi, na sisi tupo hapa?"

Mama wa pacha, kitanda cha jirani, aliuma ncha ya shuka ili asicheke. Watoto wake wawili walikuwa kwenye taa yao, njano ikipungua kistaarabu, bila kubadilika kuwa kitu kingine. Nilimwonea wivu yule mama. Nilimwonea wivu hata sauti ya matumbo ya wanawe.

Nikainama sikioni mwa mwanangu. "Mzee," nikamnong'oneza, "nakuomba. Kidogo tu. Baba yako anafia hapa."

Akapiga chafya.

Nje dereva wa gari la wagonjwa alikuwa ameanza kufuta vioo. Sista akaniambia nikachukue maziwa ya mtoto kwa mke wangu. Nikashuka ngazi mbili mbili.

Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, chupa mkononi, macho yameingia ndani. Tangu ajifungue hajacheka hata kwa mdomo.

"Niambie ukweli," alisema. "Ni mweusi, ni wa njano, ni nini? Kila anayeshuka ananiletea mtoto mwingine."

"Daktari anasema ngozi si neno."

"Neno ni nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanikabidhi chupa.

"Kama ni kupasuliwa, wampasue," alisema. "Mimi mwenyewe nimepasuliwa kumtoa, na nipo. Ila usinifiche. Ukinifichaficha hapo ndipo nitakapokufa."

Nikaapa. Nikapanda tena.

Nilipofika juu mlango wa wodi ulifunguka, na mama mkwe akatoka na nepi iliyokunjwa, ameibeba mbele kwa mikono miwili.

"Tayari," alisema.

Msafara ukajiunda wenyewe. Mama mkwe mbele, daktari nyuma yake, sista, mama yangu aliyekuwa ametoka bombani kunawa uso, kisha mimi na chupa ya maziwa. Tulishuka hadi barazani, kwenye jua kali. Dereva akaacha kufuta vioo akasogea. Mlinzi naye, yule wa rungu, akasogea.

Mama mkwe akaifungua.

Ilikuwa njano. Njano iliyokolea, safi, haina shaka, ya kumfanya mteja alipe bila kubisha.

"Fundi?" daktari aliniuliza, na nilimwona kwa mara ya kwanza akitabasamu.

"Njano," nilisema. "Koti mbili."

Sijui nani alianza. Nilichoona ni mama yangu na mama mkwe wamekumbatiana, watu ambao hata siku ya harusi yetu walipeana vidole tu. Dereva alinipa mkono. Mlinzi akasema alijua tangu mwanzo kwamba mimi ni mtu wa bahati. Daktari akamwambia dereva apakie wagonjwa wengine aende, na mama akaondoka mbio kumpelekea mke wangu habari, mama mwenye magoti mabovu miaka yote ninayomjua.

Mimi nikapanda kumshukuru mwanangu.

Nikamkuta amekunja uso, anajipinda. Nikasema huyu bwana amefungua bomba sasa, ngoja baba akubadilishe. Nikafungua nepi.

Ilikuwa nzito na imepoa. Haikuwa ya sasa hivi.

Nikamfunga nyingine haraka, ile nikaipeleka dirishani kwenye mwanga wa kweli. Gereji tuna puti, ile tunayoziba nayo mabonde kabla ya rangi, nyeupe yenye ukijivu, haina uhai ndani yake. Ndiyo niliyoiona mle. Niliitazama mara mbili, nikiomba macho yangu yawe ya mtu mwingine, mtu asiyejua rangi.

"Rudisha hapo, baba."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuwa amevaa aproni.

"Ile ya njano ni ya nani, mama?"

"Ya pacha wa kulia. Nilimwambia mama yao nataka kulinganisha."

"Na hii?"

"Alijisaidia ulipoteremka. Mama yako alikuwa bombani ananawa uso." Alizungumza polepole, sauti ya mtu anayemtuliza mtoto. "Ya jana asubuhi nayo ilikuwa hivi. Na ya juzi."

"Ulijua."

"Nilijua si nzuri. Sikujua jina lake mpaka leo daktari aliposema chokaa."

Nilitaka kukasirika, na nina haki. Lakini mama mkwe, mwanamke anayenifokea hata nikimsalimu, alikuwa ameshika ncha ya shati langu kama mtoto.

"Kabla ya mkeo nilikuwa na mtoto," alisema. "Wa kiume. Walimchukua kwenda kumpasua akiwa analia. Nilikuwa namsikia mpaka mwisho wa korido. Wakanirudishia shuka tupu. Mkeo hajui, sijawahi kumwambia."

"Mama..."

"Shaba nitaizoea. Kijivu nitakizoea. Mpe jina la baba yako, mimi sibishani tena, nitamwambia mama yako mwenyewe kwa mdomo wangu. Ila wasimchukue."

Nilimpenda wakati ule kuliko wakati wowote, na nilimwogopa vilevile. Nepi ilikuwa mkononi mwangu. Nje injini ya gari la wagonjwa iliwaka, na dereva akapiga honi kuita mtu wa mwisho.

Mlango ukasukumwa. Gurudumu likaingia kwanza, kisha mke wangu kwenye kiti, amepandishwa kwa njia ya mteremko, mama yangu anasukuma huku anahema. Nikaweka mikono nyuma. Sikufikiri, iliwekwa na woga.

Mke wangu alikuwa anacheka. Alicheka hadi akajishika mshono.

"Nimeambiwa hospitali nzima imekwenda barazani kuangalia choo cha mwanangu," alisema. "Nipeni na mimi nimbebe. Mbona mmesimama hivyo?"

Vidole vya mama mkwe vikanishika kiwiko, vikabana.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Nakuomba."

Mke wangu alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Kicheko kikaanza kufutika usoni kidogo kidogo, kutoka machoni kwanza.

"Umeshika nini?"

Honi ikalia tena. Nikaleta mikono mbele.